Uzi wa Kumi na Saba

Asubuhi ya tarehe kumi na nne Juni, hapa Ujuni,
sakitu ilikuwa imelala juu ya viazi kama chokaa,
na afisa mifugo, Yustina Ng'umbi,
alikuwa akipasha vidole juu ya sufuria yetu ya uji.
"Naazima mvuke tu," alisema, "usinitazame hivyo."

Alikuja na boksi la soda lisilo na soda:
sponji kumi na saba, kila moja na mkia wa uzi,
mrija, mafuta laini, ndoo ya dawa.
Ombeni alishika vichwa. Mimi nilishika mikia.
Yeye alimnong'oneza kila kondoo kabla ya kusukuma,
neno la Kikinga ambalo sikulisikia vizuri,
kisha uzi ukabaki ukining'inia nje, wa buluu,
kama utambi wa taa ambayo bado haijawashwa.

Nakueleza wewe, mwenye sikio lililochanika,
maana wenzako hawakuuliza.
Mwaka jana mlizaa kila mmoja kwa siku yake,
Juni, Julai, katika baridi inayopasua ndoo,
na mimi nikawa natoka alfajiri na beseni
kuokota wana walioganda
kabla mama hajamaliza kuwalamba.
Saba. Niliwazika nyuma ya pareto.
Wa saba alikuwa wako.

Ndiyo kazi ya sponji: inaudanganya mwili
uamini kwamba tayari umebeba.
Siku kumi na nne za uongo,
halafu uzi unavutwa, sindano moja msulini,
na mwili unashtuka, unadai haki yake,
wote kwa pamoja, kama darasa kengele ikilia.
Ukihesabu miezi mitano kasoro siku chache
inaangukia Novemba, mvua za kwanza,
nyasi changa, maziwa.

Hesabu ilikuwa nzuri. Ombeni aliipigia mstari.

Siku ya nne nikahesabu nyuzi: kumi na sita.
Nikahesabu tena kwa kugusa.
Wako niliukuta langoni, umenasa kwenye msumari,
na sponji chini, imevimba matope.
Yustina aliposikia kwa simu alicheka kidogo.
"Andika," akasema. "Kumi na saba: amejitoa."

Tarehe thelathini tukapata aibu ya madume.
Diwani, dume letu, mwenye kifua cha kupigiwa saluti,
tulimpaka rangi nyekundu ili aache sahihi mgongoni.
Alisaini wanne, akaenda kulala juani.
Tukaazima kwa Kyando. Tukaazima kwa Luvanda,
aliyedai debe la viazi, na dume lake lisichekwe.
Hadi jioni zizi zima lilikuwa migongo myekundu,
isipokuwa mmoja, mweupe, unatafuna.

Walizaa ndani ya siku mbili.
Tochi tatu, majirani watano, iodini ikaisha.
Nilivuta miguu, nilipangusa pua,
nikamkabidhi mtoto huyu kwa mama yule
na mama, kwa uchovu, akamkubali.
Kumi na tisa hai. Niulize nimkumbuke mmoja:
ni kama kuulizwa tone lipi la mvua.
Silalamiki. Hao ndio waliolipa ada ya Ombeni.

Wewe ulikawia wiki mbili na ushee.
Kumbe Diwani alikuja kusaini baadaye, peke yake,
rangi ikiwa imebaki kidogo, alama hafifu
niliyodhani ni udongo.
Ilikuwa mchana, manyunyu, nimekaa kwenye gogo na kikombe,
sina haraka na mtu.
Nikaona yote: mfuko wa maji, kwato mbili, pua juu yake,
na namna ulivyogeuka kumnusa
ukasita, kama unayetazama kama kuna sakitu,
ndipo ukaanza kulamba.

Juni nyingine Yustina atakuja na boksi lake
na mimi nitashika mikia, nitahesabu nyuzi.
Daftarini bado umeandikwa amejitoa.
Ombeni ananikumbusha msumari wa lango.
Nimemwambia nitaung'oa.
Sijaung'oa.